Basi la Dar es Salaam hadi Lusaka: Saa ya Kuondoka Ina Uzito Kuliko Kiti

Abiria wanaokata tiketi ya Lusaka katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kwa kawaida huuliza mambo matatu: nauli, mpangilio wa viti, na kama basi lina sehemu ya kuchajia simu. Ni maswali ya haki, lakini hakuna hata moja linaloamua safari itakuwaje. Swali lenye uzito, ambalo wakala hapendi kulijibu na abiria hakumbuki kuliuliza, ni basi litavuka mpaka wa Tunduma saa ngapi, na baada ya hapo litaruhusiwa kufika wapi kabla ya kulazimika kulala. Nimeisafiri njia hii kwa mabasi ya kampuni za Tanzania na za Zambia, na tofauti niliyoiona kati ya kampuni na kampuni ni ndogo kuliko tofauti kati ya saa moja ya kuondoka na nyingine. Kwa sababu hiyo tathmini hii haitaji kampuni yoyote. Inaitathmini njia yenyewe, na namna ya kuinunua.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2016, Zambia imepiga marufuku magari ya abiria kusafiri kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, kwa lengo la kupunguza ajali. Tanzania nayo ilikuwa na katazo la aina hiyo kwa miaka mingi, ikaliondoa mwaka 2023, na sasa mabasi yetu yanatembea usiku kucha. Maana yake ni kwamba basi la Lusaka linatoka katika nchi ambamo saa haina mpaka na kuingia katika nchi ambamo saa ni sheria, huku likiwa bado halijafika nusu ya safari: kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita 930 hivi, na kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000. Ongeza kwamba saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa 1, na utaona kwa nini mtu asiyepiga hesabu mapema hujikuta analala ndani ya basi mahali ambapo hakupanga kulala.

Hesabu yenyewe, barabara ikiwa haina ajali wala mvua kubwa, ni hii. Basi linaloondoka Mbezi saa 11 alfajiri hufika Tunduma kati ya saa 4 na saa 5 usiku, likalala hapo au Nakonde, kisha likaanza safari ya Zambia saa 11 alfajiri kwa saa za huko. Kutoka hapo hadi Lusaka ni mwendo wa saa 13 hadi 15, kwa hiyo abiria anashuka kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, kabla ya muda wa katazo. Basi linaloondoka jioni, saa 12 au saa 1, hufika Tunduma karibu na adhuhuri ya siku ya pili, hutumia mchana kuvuka, na likibahatika hufika Mpika kabla ya saa 3 usiku. Linalala hapo na kuingia Lusaka mchana wa siku ya tatu. La jioni ni refu zaidi kwa saa kadhaa, ingawa lina faida ya kumfikisha mgeni mchana katika jiji asilolijua. Mabaya kuliko yote ni yale yanayoondoka katikati, saa 3 au saa 4 asubuhi, kwa sababu hufika mpakani usiku wa manane, taratibu hukamilika asubuhi jua likiwa limeshapanda, na katazo hulikuta basi njiani, Mkushi au Kapiri Mposhi, zikiwa zimebaki saa chache tu kufika Lusaka. Ukiniuliza nichague, nachagua la alfajiri bila kusita, na sababu yangu ya pili ni kwamba sehemu nzuri kuliko zote za njia hii hupitwa mchana.

Njia hii haikujengwa kwa ajili ya abiria, na bado tabia yake inaonyesha hivyo. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilijikuta inategemea, kwa mafuta yake na shaba yake, njia zinazopita kwa jirani aliyewekewa vikwazo. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza tope. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Lami ikatandazwa kwa mikopo ya Marekani na Benki ya Dunia. Na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukamilika mwaka 1975. Reli ilitarajiwa kubeba mzigo mzito ili barabara ipumue. Mambo hayakwenda hivyo. Leo shaba ya Zambia na ya Kongo, mafuta, mbolea, saruji na makontena vyote viko barabarani, na abiria wa basi ni mgeni katika njia ya malori.

Kipande cha kwanza, Mbezi hadi Morogoro, ndicho kinachoudhi zaidi katika upande wa Tanzania, na ni vizuri abiria akijua hivyo mapema. Barabara pana ya njia nane kutoka Kimara inaishia Kibaha, na baada ya hapo magari yote ya kwenda Kaskazini, Kanda ya Ziwa, Dodoma na Nyanda za Juu Kusini yanabanana katika njia mbili hadi Chalinze. Mizani ya Vigwaza huongeza foleni. Mtu asiyependa adha hii sasa ana mbadala uliokuwa haupo zamani: treni ya umeme iliyoanza Juni 2024 humfikisha Morogoro kwa chini ya saa 2, na akikubaliana na wakala mapema anaweza kupandia basi lake pale Msamvu. Treni ya mapema asubuhi, hata hivyo, haina hakika ya kuliwahi basi la alfajiri, kwa hiyo ni afadhali kwenda Morogoro jana yake na kulala.

Baada ya Morogoro njia inabadilika. Barabara inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi la alfajiri anapata, bila kulipa kiingilio, twiga, pundamilia, swala, nyati na mara nyingine tembo karibu kabisa na lami. Mwendo wa humo umewekewa kikomo, kuna matuta, na vibao vinaonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, kwa dola. Nimewaona madereva wasioheshimu tochi ya trafiki wala kilio cha abiria wakiheshimu kibao hicho. Kwa wanaosafiri usiku, Mikumi ni giza tu na matuta.

Kutoka Mikumi barabara inateremka hadi bonde la Mto Ruaha Mkuu, na hapo mibuyu inaanza, mingi kiasi kwamba mgeni hudhani ilipandwa. Kituo cha Ruaha Mbuyuni kinajulikana kwa vitunguu na kwa hoteli za kulia chakula, ambako mabasi mengi husimama dakika 20. Kuhusu hoteli hizi nina maoni makali. Wali kuku wake unauzwa kwa bei isiyolingana na kipande unachopewa, chipsi zimekaangwa zamani, na dereva na kondakta wanakula chumba cha pembeni chakula ambacho hakifanani na chetu. Kila abiria anajua uhusiano uliopo kati ya mambo hayo mawili. Ushauri wangu ni kubeba chakula cha nyumbani kwa mlo wa kwanza, kununua ndizi, karanga na mahindi ya kuchemsha njiani, na kuitumia hoteli kwa kazi moja tu ya lazima, maana vyoo vyake ni visafi kuliko vya vituo vingi vya mbele. Basi likikosa kusimama hotelini, litasimama porini watu wachimbe dawa, jambo ambalo kwa wanaume ni dakika mbili na kwa wanawake ni fedheha; na kwa safari ya kimataifa yenye nauli ya kimataifa, sioni kwa nini choo cha ndani ya basi kinachotangazwa kwenye bango kiwe kimefungwa kwa kufuli tangu Mbezi.

Kisha Kitonga. Barabara inapanda ukuta wa milima kutoka joto la bondeni hadi baridi ya Iringa kwa kona kali zilizofuatana, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye msitu. Malori yaliyopakia hupanda kwa gia ndogo kabisa, moja nyuma ya jingine, na moja likikatika ekseli kwenye kona, mlima mzima unasimama. Sehemu zilizopanuliwa zimesaidia, lakini Kitonga bado ndiyo sehemu inayoweza kuvuruga ile hesabu ya saa niliyoitoa juu kuliko nyingine yoyote upande wa Tanzania, na mtu mwenye miadi Lusaka aiwekee akiba. Kinachonifariji ni kwamba hapa madereva wa masafa marefu huonyesha ustaarabu ambao mjini hawana: dereva wa lori linalopanda humwashia wa basi taa ya pembeni kumwambia njia iko wazi au amsubiri, na mazungumzo hayo ya taa yanaendelea hadi juu. Kushuka ni hatari zaidi kuliko kupanda, jambo ambalo abiria anayerudi Dar anapaswa kulijua, hasa kama basi lake linafika Kitonga usiku.

Juu ya Kitonga hewa ni nyingine. Ilula inauza nyanya, Mafinga ina harufu ya mbao za Sao Hill, na Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea inachepuka, Juni na Julai ina baridi inayompata kwa mshangao mtu aliyetoka Pwani na fulana. Koti liwe ndani ya basi na wewe, lisifungiwe kwenye buti. Pale Iringa mjini njia inapokea barabara ya Dodoma, na hapa ninawaandikia hasa wasomaji wa Nairobi, Arusha na Moshi: tangu kukamilika kwa lami kati ya Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa, iliyozinduliwa mwaka 2018, hakuna haja ya kuteremka hadi Chalinze ili kwenda Zambia. Huo ndio mkondo wa barabara kuu ya kutoka Cairo hadi Cape Town, nao unaepuka foleni yote ya Pwani. Hasara yake ni kubadilisha mabasi.

Baada ya Makambako nitapita haraka. Tambarare za Usangu, na mchele wa Igurusi unaouzwa barabarani, hufika jioni. Mteremko wa Inyala, kabla ya Uyole, una historia mbaya ya ajali na unastahili tahadhari zote za dereva; jiji la Mbeya lina foleni ambayo upanuzi wa barabara kuwa njia nne, ulioanza kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, ulikusudiwa kuimaliza; na kutoka Mbalizi hadi Vwawa na Tunduma, usiku huwa umeshaingia. Katika sehemu hii yote tatizo kubwa ni matuta. Kila kijiji kina matuta yake, mengine hayana alama, na abiria wa viti vya nyuma huyahesabu kwa kiuno. Kwa hiyo omba kiti cha kati, mbele ya magurudumu ya nyuma, na ukilazimika kuchagua kati ya dirisha na njia, usiku chagua njia.

Neno juu ya usalama, kwa kuwa ni sehemu ya huduma. Sheria yetu inadai madereva wawili kwa safari inayozidi saa 8, kikomo cha mwendo wa mabasi ni kilomita 80 kwa saa, na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya magari. Mambo haya yamebadilisha safari kwa kiasi kinachoonekana. Mbio za mabasi mawili ya kampuni pinzani, zilizokuwa burudani ya wendawazimu katika njia hii, zimepungua sana. Dereva wa pili, hata hivyo, si lazima awe amepumzika. Katika basi moja nililopanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele akipiga soga na mwenzake tangu Mbezi hadi Makambako, kisha akachukua usukani wa usiku. Abiria ana haki ya kuuliza dereva wa pili analala wapi. Na kuna jambo ambalo sitalilegeza: usikubali kupanda magari ya IT, yaani magari madogo ya mtumba yanayoendeshwa kutoka bandarini kwenda Zambia na Kongo, ambayo madereva wake huokota abiria njiani kwa nauli nafuu. Yanakimbia kupita kiasi, na hayana kibali cha kubeba abiria.

Tunduma ndiyo moyo wa tathmini hii. Kabla ya kuuona mji unaona malori, yamepanga foleni pembeni ya barabara kilomita nyingi, madereva wakipika chai chini ya matela, na baadhi yao wamekaa hapo siku kadhaa. Basi hupita pembeni ya foleni hiyo, na abiria wanasahau haraka jinsi walivyobahatika. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 na marais wa nchi hizi mbili, na utaratibu wake ni kwamba anayetoka Tanzania anakamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Nakonde, na anayetoka Zambia anazikamilisha Tunduma. Kwa abiria wa kawaida mwenye pasipoti, utaratibu huu ni mzuri kweli: dirisha la kwanza muhuri wa kutoka, dirisha la pili muhuri wa kuingia, na Mtanzania hahitaji viza. Maafisa niliokutana nao walikuwa na adabu na walifanya kazi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu, kwa sababu afisa wa afya anaweza kuiomba.

Kinachochelewesha ni mizigo. Basi la Lusaka ni nusu basi la abiria na nusu lori la Kariakoo: vitenge, viatu, vipodozi, vipuri vya simu, na mabegi ya wafanyabiashara wa Zambia waliokuja kununua bidhaa Dar es Salaam kwa jumla. Kila furushi lina mwenyewe, kila mwenyewe ana maelezo yake, na basi haliondoki hadi wa mwisho amalizane na forodha. Siwalaumu wafanyabiashara hao, ambao wengi ni akina mama wanaofuata sheria. Bila nauli na mizigo yao njia hii isingekuwa na basi la kila siku. Ninaowalaumu ni wamiliki wanaopakia buti bila kumuuliza mtu kama ana nyaraka za mzigo wake, kisha wanawaacha abiria wengine wote wakae saa tatu juani. Wakala makini angeikagua nyaraka hiyo Mbezi, kabla mzigo haujapanda. Mizani iliyo njiani inapima uzito wa basi, haipimi karatasi.

Fedha ni mtego mwingine wa mpakani. Vijana wanaobadilisha shilingi na kwacha wanakufuata hadi dirishani mwa basi, wana kikokotoo kilicho tayari na vidole vyepesi kuliko macho yako. Badilisha katika duka lenye leseni, au badilisha kidogo tu, cha kutosha chakula na choo hadi Lusaka. Lugha si tatizo: Nakonde inazungumza Kiswahili cha sokoni bila shida, na Wanyamwanga wako pande zote mbili za mstari. Ukilala hapo, nyumba za wageni zilizo karibu na kituo zina kelele za malori usiku kucha, lakini kitanda ni kitanda, na mtu aliyekaa kitini tangu alfajiri asione aibu kuutumia usiku huo kunyoosha mgongo badala ya kubana pesa.

Upande wa Zambia ni safari ya aina nyingine kabisa, na maoni yamegawanyika. Wapo wanaoona kilomita 1,000 za miombo, zenye miji michache na vijiji vilivyojificha nyuma ya miti, kuwa uchovu mtupu. Mimi nimezipenda. Hakuna matuta kila kijiji, trafiki ni wachache, na kati ya Nakonde na Chinsali, sehemu iliyofanyiwa ukarabati mkubwa katika miaka ya karibuni, basi linateleza. Chinsali ndiko alikozaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924, katika misheni ya Lubwa. Mpika ina karakana ya TAZARA, na ndipo barabara ya Kasama inapochepuka. Wakati wa mvua, pembezoni mwa barabara watoto wanainua uyoga mpana kuliko sinia, na wanawake wanauza viwavi waliokaushwa, ambao Wabemba wanawathamini kama sisi tunavyothamini kumbikumbi. Asali ni nzuri. Chakula cha vituoni ni nshima, yaani ugali wetu ulio laini kidogo, kwa kapenta, ambao ni dagaa wa Tanganyika wale wale wa Kigoma, au kwa kuku na mboga zilizoungwa karanga. Bei yake ni ya haki na sahani imejaa. Katika kipengele cha chakula, Zambia inatushinda waziwazi.

Katika lami, hapana. Kati ya Mpika na Serenje, kilomita 240 hivi, mashimo yamekula kingo za barabara na sehemu nyingine yamekula katikati, malori yanayakwepa kwa kuhamia upande usio wake, na dereva wa basi analazimika kufanya vivyo hivyo. Hapa ndipo saa za ziada zinapopotelea, na hapa ndipo ile akiba ya muda uliyoiweka kwa ajili ya Kitonga itakapohitajika mara ya pili. Vituo vya mafuta ni vichache, mtandao wa simu unakatika, na basi likipasua tairi usitarajie fundi wa karibu. Kabla ya kukata tiketi angalia kwa macho kama lina tairi la akiba. Nimeona wakala akikasirishwa na ombi hilo, na hasira yake ilikuwa jibu tosha.

Kuanzia Mkushi mandhari inafunguka: mashamba makubwa ya mahindi na ngano yenye mitambo ya umwagiliaji, kisha Kapiri Mposhi, kisha Kabwe. Kutoka Kapiri hadi Lusaka, kilomita 200 hivi, barabara imo katika mradi wa upanuzi wa Lusaka hadi Ndola ulioanza mwaka 2023, kwa hiyo tegemea vumbi, njia za mchepuko na foleni pale ambapo mwili umeshaamini umefika. Basi linaishia kituo cha Intercity, Barabara ya Dedan Kimathi, katikati ya jiji. Wapiga debe wa hapo ni ndugu wa damu wa wale wa Ubungo ya zamani: wanashika begi kwanza na kuuliza baadaye. Mtu wa kukupokea awe amekubaliana nawe mahali maalumu, au tumia teksi ya programu ya simu, ukisimama ndani ya kituo penye mwanga hadi gari lifike.

Kuhusu mabasi yenyewe sina mengi. Mengi ni mapya kiasi, viti vya mbili kwa mbili vinalala vya kutosha, na tofauti ya nauli kati ya daraja la kawaida na la juu inalipika kwa sababu ya nafasi ya miguu peke yake. Kiyoyozi hufanya kazi hadi Morogoro na huzimwa kwenye mlima. Filamu zinachezwa kwa sauti isiyomjali mtu, na za usiku ni za vita. Jambo lililoniudhi kweli ni kuuziwa tiketi ya basi la moja kwa moja na kuhamishiwa Tunduma kwenye basi jingine la daraja la chini, bila kurudishiwa tofauti. Njia pekee ya kujikinga ni kudai tiketi iandikwe namba ya basi na neno Lusaka, na kutokubali ahadi ya mdomo.

Ninampendekezea nani safari hii? Mtu mwenye haraka apande ndege. Mwenye mzigo wa biashara hana chaguo bora, na anajua hivyo kuliko mimi. Mzee, mama mwenye mtoto mchanga, au mwenye maumivu ya mgongo aikate vipande viwili na kulala Mbeya, ambako nyumba za wageni ni nzuri na mabasi ya kwenda Tunduma yapo kutwa. Kijana anayetaka kuiona Afrika hii yetu kwa bei ya kawaida aende na basi la alfajiri, katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, kitini upande wa kushoto, ambako Udzungwa inajitokeza vizuri baada ya Mikumi.

Wanaoendelea mbele zaidi wajipange tofauti. Wa Harare na Johannesburg watapata mabasi Lusaka yanayovukia Chirundu, ambako kituo cha pamoja cha mpaka kimefanya kazi tangu mwaka 2009, na uzoefu wa miaka hiyo unaonekana katika kasi ya foleni. Wa Ndola, Kitwe na Lubumbashi wasifike Lusaka kabisa: washuke Kapiri Mposhi, ambako barabara ya Copperbelt, eneo la migodi ya shaba, inaanzia, na wapande gari la kwenda Chingola na Kasumbalesa. Kwa hao nina ombi moja la kiutendaji. Mwambie wakala aandike Kapiri kwenye tiketi na kwenye kila begi, na simamia mwenyewe upakiaji ili mzigo wako uwe mlangoni mwa buti, kwa sababu kondakta hatakubali kushusha mafurushi ya Lusaka yote ili kulitafuta lako.